Dawa ya Kutoa Rangi na Wageni wa Posa

Naomba mkicheka mcheke taratibu, maana jambo hili hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa upande wa kanga kana kwamba kuna mtu ananitazama, na majirani zangu wa hapa Mjimwema walioliona kwa macho yao wana adabu ya kutolitaja mbele yangu, ila najua wakifika kwao wanalitaja.

Nina kigari changu kikuukuu, cha bluu, ambacho rangi yake ilikuwa imebabuka kwenye paa na boneti kama ukuta wa nyumba isiyo na mwenyewe. Nikasema nitakipaka upya, lakini kwanza ile rangi ya zamani itoke, na hapo ndipo ushauri ukawa mwingi. Mume wangu, Baba Neema, akasema msasa na maji, polepole, kila jioni kipande kimoja. Jirani akasema moto wa gesi, unachoma huku unakwangua (huyo nilimwogopa, gari lina tangi la mafuta). Mimi nikachagua dawa. Nilikuwa nimeona kwenye simu unavyoipaka kwa brashi, unaifunika isikauke, unasubiri, kisha unakwangua na rangi inavuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, nikajiambia msasa wa nini, mimi ni mwalimu, mikono yangu ina kazi nyingine.

Sasa sikilizeni siku niliyoichagua. Ilikuwa Jumapili ya posa ya wifi yangu Editha, ambaye tunaishi naye, na mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Namtumbo, na wageni wa upande wa bwana walikuwa waje alasiri kutoka Peramiho. Nikarudi misa ya kwanza, nikaona nina asubuhi nzima (hiyo asubuhi nzima ndiyo iliyoniponza), nikavaa glavu, nikapaka dawa boneti, paa na milango, na nilipoona nailoni haitoshi nikachukua lile turubai letu kubwa la bluu la kuanikia mahindi, nikafunika gari lote, nikaingia uani kupika nikijua nitakwangua kabla wageni hawajafika.

Wageni walipata lifti, wakafika mapema. Mimi niko uani, moshi machoni, kuku hawajaiva. Viti vilitosha wanaume tu, na mama mkwe alitaka wale mama wakae vizuri kivulini, akatafuta turubai stoo akalikosa, akaliona juu ya gari, akalivuta. Upande wa ndani ulikuwa umelowa, yeye akadhani nimeosha gari (aliniambia baadaye, kwa unyonge, kwamba hata alifurahi), na harufu akadhani ni ya kuta tulizopaka rangi wiki ile kwa ajili ya ugeni. Akalitandaza hivyo hivyo, juu yake akatandika mikeka, akawakaribisha.

Nilipotoka na sinia la togwa, mshenga, Mzee Gaudensi, alikuwa ameshaanza kuzungumza, ile sauti ya chini ya mtu anayepima kila neno. Nikapiga goti kwa shangazi yake bwana, mama mnene mwenye kitenge kipya, nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akaitika marahaba, lakini alikuwa anahama paja hili anaenda paja lile. Na wenzake wote wanahama hivyo hivyo, kimyakimya, kwa adabu, kama watoto waliobanwa wakiwa kanisani. Nikatazama chini, nikaona pindo la bluu limechungulia chini ya mkeka. Nikatazama gari. Liko wazi, rangi imevimba malengelenge.

Nikajua. Lakini mzee alikuwa anasema, na mimi ni mke wa mtu mbele ya wakwe, namkatizaje? Nikajipa moyo kwamba mikeka ni mizito. Nikagawa kikombe cha pili. Nikagawa cha tatu.

Shangazi ndiye aliyeshindwa. "Samahani, Mzee Gaudensi," akasema. "Mama Neema, mwanangu, hapa chini mna moto?"

"Inuka, shangazi," nikasema. "Inukeni wote. Hiyo ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kutoa rangi ya gari."

Wakainuka, na mkeka ukainuka na shangazi, umemganda nyuma pamoja na rangi yangu ya bluu. Tukawakimbiza bafuni, tukawamwagia maji ndoo kwa ndoo na sabuni, wakatoka wamevaa nguo zangu, na kwa kuwa kwa shangazi hakuna gauni langu lililoingia, yeye alitoka na suti ya michezo ya Baba Neema, huku majirani wamejaa kwenye ua wa mabanzi. Mzee Gaudensi akavaa kofia yake, akasema neno lao watalimalizia siku nyingine. Kuku walibaki sufuriani. Editha alijifungia chumbani, na nilipogonga aliniambia kupitia mlangoni, "Wifi, hilo gari lisingeweza kunisubiri hata siku moja?"

Jumamosi iliyofuata mimi na mama mkwe tulikwenda Peramiho na kitenge kingine. Shangazi alitupokea vizuri, akasema alibabuka kidogo tu na ngozi imepona, akakipokea kitenge, akakiweka pembeni. Kisha akanitazama.

"Nikuulize, mwanangu. Ulipotoka na lile sinia, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema hapana. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amegeuka ananiangalia.

"Nilijua nilipofika kwako, shangazi."

"Ukaendelea kugawa togwa."

"Ndiyo."

Akakunjakunja pindo la kanga yake. "Siku nyingine mwaga hiyo togwa upige kelele," akasema. "Sisi ni watu, tungeelewa."

Walirudi, na posa ikapita, Editha sasa yuko kwa mumewe na ana mtoto. Lakini maneno ya yule mama yaliniunguza kuliko dawa yenyewe. Chupa iliyobaki sikuifungua tena, ila nadhiri niliyoweka si ya dawa: nikiona mtu anaumia kwa kosa langu nitamwambia hapo hapo, hata kama anayehutubia ni askofu.