Bi Alzora na Kocha wa Calder

Bi Alzora Metoyer alikuwa mkata mabawa katika kiwanda cha kuku cha Odile, na alipokuwa na hasira alikata haraka zaidi. Sisi tuliosimama naye mstari mmoja tulijua mambo ya nyumbani kwake kwa kusikiliza kisu. Wiki ile gazeti liliposema kwamba kocha wa Calder anamtaka mjukuu wake, mabawa yalirundikana kwa mwenzake hadi yakaanza kudondoka chini.

Msimamizi akaja. "Bi Alzora, taratibu basi. Hawa kuku wameshakufa."

"Hawa wameshakufa," akasema. "Ninayemtaka bado anatembea."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa jirani yake, nyumba kwa nyumba, na nilijua anamsema nani.

Huku Louisiana, mtoto akiwa na mbio na kifua cha kugongana, hazungumzwi tena kama mtoto wa mtu. Anakuwa mali ya jimbo. Calder ndicho chuo cha jimbo, rangi yao kijani, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Kocha mkuu mpya, Dale Hutchens, alikuja na wimbo mmoja: vijana wetu wabaki nyumbani, tulizungushie jimbo uzio, Texas na Alabama wasituibie tena. Maneno "Baki Nyumbani" yalibandikwa kwa kinyozi, kwenye benki, na kwenye mlango wa kanisa letu. Mchungaji aliyaombea.

Mjukuu wa Bi Alzora aliitwa Dontrey Fuselier, kwa jina la ukoo wa mama yake, aliyehamia California akamwacha mtoto hapa. Alikuwa mkimbiaji, yule anayepewa mpira mkononi na kutumwa kupenya katikati ya watu wazito. Walimtaka Calder, na kilimtaka chuo kimoja cha Texas, safari ya karibu siku nzima kwa gari.

Baba yake, Wendell, alikuwa fundi wa matairi. Alichechemea mguu wa kulia. Naye alikuwa mkimbiaji ujanani, naye alichezea Calder, na aliyekuja kumchukua alikuwa Hutchens huyu huyu, enzi hizo kocha msaidizi kijana, mwembamba kama mti wa bendera. Alikaa jikoni kwa Bi Alzora, akala, akasema kijana akiumia atabaki kuwa wao, watamsomesha mpaka avae joho. Mwaka wa pili goti la Wendell likageuka upande usiotakiwa. Hutchens alimbeba kutoka uwanjani yeye mwenyewe, picha ikatoka gazetini. Kabla majira ya joto hayajaisha ufadhili wake wa masomo ulikatwa, na Wendell akarudi Odile kwa basi, na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Hutchens hakupiga simu. Hakupiga siku ile wala siku nyingine yoyote.

Ajabu ni kwamba Wendell hakuwachukia. Kila Jumamosi ya mpira alivaa fulana ya kijani. Alitaka Dontrey aende Calder, na hilo lilimtia mama yake wazimu.

"Ni saa mbili tu kwa gari, Mama. Nitamwona kila wiki. Texas nitamwona kwenye simu kama mgonjwa wa mbali."

"Utamwona mpaka siku atakapovunjika. Halafu utamfuata stendi ya basi."

"Kocha hakuwa na uwezo wakati ule. Wakubwa ndio walioamua."

"Alikuwa na uwezo wa kuinua simu?"

Dontrey alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo karatasi ya kujiunga na chuo ilihitaji sahihi ya mzazi. Mzazi mwenyewe ni Wendell. Bi Alzora alimlea yule kijana kwa mikono yake, lakini neno lake halikuwa na nafasi kwenye ile karatasi, na jambo hilo lilimchoma kila alipolikumbuka. Alitaka Hutchens aikose ile sahihi. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, na alikuwa haombi kingine hata kanisani.

Mwezi wa kwanza Calder wakaomba kuja nyumbani. Ndiyo desturi: kocha mkuu anakuja mwenyewe, anakaa na ukoo, anakula anachopewa. Wendell alidhani mama yake atakataa. Akasema waje, yeye atapika.

"Ila nina sharti moja," akamwambia Wendell, nami nikiwa pale nabeba viti kutoka kwangu. "Usimwambie wewe ni nani. Kijana ana jina la mama yake. Mwache akumbuke mwenyewe."

Wendell akacheka. "Mama, yule mtu alinibeba mikononi. Atanijua kabla hajavua koti."

"Akikujua, mpe sahihi. Sitasema neno tena mpaka nife."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Nimesema. Na asipokujua?"

Wendell akaendelea kupanga sahani.

Hutchens alikuja na msaidizi wake kijana, wote wamevaa makoti ya kijani. Alikuwa amenenepa. Alijua kuongea na watu, hilo siwezi kumnyima. Alimkumbatia Bi Alzora, akamuuliza habari za kwaya. Alijua mpaka jina la mbwa. Alijua Dontrey anapenda kuvua samaki na anachukia hesabu. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia enzi za Wendell, akapewa gumbo, ule mchuzi mzito wa kuku, soseji na bamia juu ya wali.

"Mama," akasema, "nimekula jimbo zima hili. Sijawahi kula kitu kama hiki."

"Hujawahi?" akauliza Bi Alzora.

"Naapa."

"Kula basi. Kipo kingi."

Wendell alikaa mbele yake, upande wa pili wa meza, nami pembeni. Alikuwa amenyoa ndevu asubuhi ile ili uso uonekane. Nilimwona anainua kichwa kila Hutchens alipogeuka, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye foleni. Wakaongea habari za uwanja, za vyumba vya kulala, za mazoezi. Mwishowe Hutchens akamgeukia.

"Na wewe, baba mtu, unaonekana una mwili wa mpira. Uliwahi kucheza?"

"Kidogo," akasema Wendell.

"Naona mguu. Goti?"

"Goti."

"Pole sana. Mchezo wetu huu una ukatili wake. Ulicheza wapi?"

Wendell alimtazama usoni. Dontrey aliacha kutafuna.

"Hapa hapa jimboni."

"Safi!" Hutchens akapiga meza kwa furaha. "Mtu wa nyumbani! Basi wewe sina haja ya kukueleza kitu."

Yule msaidizi akacheka pamoja naye. Bi Alzora hakumtazama mwanawe. Alikuwa akimwongezea kocha wali.

"Niambie kitu kimoja, kocha. Mjukuu wangu akivunjika?"

Hutchens akaweka kijiko chini. Akainamisha kichwa kidogo, akashusha sauti. "Mama, akivunjika ni wetu. Tutamsomesha mpaka avae joho. Nakupa neno langu hapa mezani pako."

Wendell alisimama. Nilidhani atampiga. Alikwenda kwenye jiko, akafunua sufuria, akaifunika tena. Aliporudi uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko ngumi.

"Kijana ni wako, kocha," akasema. "Umeshinda."

Bi Alzora alishtuka mpaka upawa ukamponyoka ukaangukia wali. Hutchens aliruka akamkumbatia Wendell, akampigapiga mgongoni. Wendell akaongeza, "Ila naomba tusitangaze. Tungoje siku ya kusaini, mbele ya watu. Mama yangu anapenda sherehe."

"Chochote mtakacho! Chochote!"

Walipoondoka, Bi Alzora alimfuata mwanawe mpaka ukutani.

"Umelogwa? Hajakujua! Mtu hajakujua, nawe unampa mtoto?"

"Sijampa kitu, Mama. Mwaka huu ana nafasi moja tu ya mkimbiaji. Akiamini amempata wake, kesho asubuhi atawapigia wengine wote awaambie watafute kwingine. Mwache awapigie."

Bi Alzora akakaa taratibu kwenye kiti. Sijawahi kumwona akimtazama mwanawe vile, kama ndiyo kwanza amemzaa.

"Baba," akasema Dontrey, "kwa hiyo umemdanganya?"

"Ndiyo."

"Mnagombana na mtu kwa miguu yangu."

Wendell akamwita akae. "Texas wanakutaka?"

"Wananitaka. Na mimi naipenda timu yao. Nilitaka Calder kwa ajili yako."

"Basi hiyo ya kwa ajili yangu imekwisha leo. Texas nitakuja, hata kama gari litabaki njiani."

Yakawa kama Wendell alivyosema. Wiki iliyofuata tulisikia Calder wamemwacha mkimbiaji wa mji wa jirani, kijana aliyekuwa amengoja mwaka mzima wamwite. Mama yake alilia dukani mbele za watu. Nilimwambia Bi Alzora kiwandani, nikidhani atasikitika.

"Wangu naye alikuwa mtoto wa mtu," akasema, akaendelea kukata.

Siku ya kusaini, ambapo kijana huvaa kofia ya chuo alichochagua, ukumbi wa shule ulijaa. Kijani kila mahali. Mstahiki meya alikuwepo, mchungaji alikuwepo, watu wa televisheni walikuwepo. Mezani kulikuwa na kofia mbili, ya kijani ya Calder na nyekundu ya Texas, na ile nyekundu watu waliiona kama pambo tu, maana siri ya Hutchens ilikuwa imeshavuja na kila mtu alijua kijana anabaki. Dontrey alishukuru Mungu, akamshukuru bibi yake, akachukua kofia nyekundu akaivaa.

Watu waligeukiana kuulizana kama wameona sawasawa. Halafu mtu nyuma akapiga kelele, "Msaliti!" Mwingine akasema, "Wamenunuliwa!" Mchungaji akatafuta kitu mfukoni asikione. Wendell aliivuta karatasi, akaweka sahihi polepole, herufi kwa herufi.

Simu yake ililia kabla hajaweka kalamu chini. Bi Alzora akanyoosha mkono. "Nipe mimi."

Akaiweka kwenye sauti ya nje, wote tukasikia.

"Baba mtu? Kuna nini hapo? Nini kimetokea?"

"Ni mama yake."

"Mama, mlinipa neno! Nimefukuza vijana wengine kwa ajili yenu! Sina mkimbiaji!"

"Unaongelea neno lipi, kocha? Lile la mezani? Pale mezani umelitoa mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mwembamba."

"Mwembamba? Lini?"

"Wendell Metoyer," akasema Bi Alzora. "Ulimbeba, wakakupiga picha. Halafu ukampakia basi."

Tulisikia mtu akivuta pumzi. "Metoyer," ile sauti ikasema. "Metoyer... Mama, mimi nilikuwa msaidizi tu wakati ule. Sikuwa na madaraka."

"Najua. Ndiyo maana nimekungoja upate."

Akakata. Akamrudishia Wendell simu, akamrekebisha Dontrey kofia, akatoka katikati ya watu wale wakimpisha kana kwamba amebeba kitu cha moto.

Mji uliwanunia. Wateja wa Wendell walipeleka matairi yao ng'ambo ya mto. Kwenye kwaya Bi Alzora alisimama mwisho wa mstari na nafasi tupu pembeni yake. Kiwandani walimwita Mama Texas, mwanzo kwa matusi, baadaye kwa mzaha. Yeye alinenepa. Kisu chake kikawa na mwendo wa raha, taratibu, mpaka msimamizi akaja kumwambia aongeze.

Vuli ikaja na msimu wa mpira. Calder waliwapanga wakimbiaji wawili wa kuokoteza, na wakafungwa, na wakafungwa tena. Magazeti yakaanza kuuliza Hutchens ana mpango gani. Dontrey kule Texas akaanza kupewa mpira dakika chache, kisha nyingi, na akapiga simu kusema Jumamosi ile ataanza.

Wendell alikuja Ijumaa baada ya kazi, gari limejazwa mafuta, mto umewekwa kwenye kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wa mama yake.

"Twende, Mama. Tukisafiri usiku kucha tutafika."

"Nenda wewe. Calder wanacheza kesho."

Wendell hakuelewa. "Calder? Dontrey anaanza kesho. Wewe ndiye uliyemlea."

"Saa ile ile. Sitaki kuwakosa."

"Mama, tumeshamaliza na yule mtu. Mimi nimeshamaliza."

"Wewe umemaliza."

Wendell akauondoa ule mto, akaniachia mimi niliyekuwa kibarazani kwangu, akaondoka peke yake.

Kesho yake nilikwenda kumwangalia. Alikuwa jikoni, redio mezani, amevaa nguo nzuri kama ya kanisani. Calder walikuwa nyuma. Kila mtangazaji alipotaja jina la Hutchens, Bi Alzora aliitikia kwa kichwa. Simu yangu ikatoa mlio. Wendell alikuwa ameandika kwamba Dontrey amefunga, amepenya katikati ya watu watatu, na uwanja mzima umesimama.

"Bi Alzora," nikasema, "mtoto amefunga!"

Akaniinulia mkono ninyamaze, akaisogelea redio. Calder walikuwa wameangusha mpira tena.