Wagiyem na Kalenda ya Wanawake

Wagiyem, Mungu amrehemu, aliwakanda wanawake wa kijiji chetu karibu na Klaten, kisiwani Java, kwa miaka arobaini. Wajawazito, waliojifungua, waliotokwa na mimba. Hakuna aliyelala kwenye mkeka wake kisha akasikia habari zake kwa mtu mwingine. Isipokuwa mmoja.

Kusoma hakujua. Miadi aliiweka kichwani, lakini alipotimiza miaka sitini ikaanza kugongana: wanawake wawili wanafika saa ile ile, mmoja anangoja barazani akiona haya. Binti yake, Endah, akamwekea kalenda kwenye simu. Kila asubuhi alimsomea: saa tatu fulani, saa tano fulani. Tena, ili wanawake wajichagulie saa wenyewe, akaituma kalenda hiyo kwenye kundi la simu la akina mama wanaopeleka watoto kupimwa uzito. Hakufikiri zaidi ya hapo. Kila aliyeifungua aliona saa, jina, na kinachomsumbua mtu.

Nurwening, mke wa fundi baiskeli, mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilikuwa na wiki tisa. Waliojua ni mumewe, Wagiyem na Endah tu, maana kwetu mimba haitangazwi mpaka karamu ya mwezi wake wa saba. Asubuhi moja, penye mkokoteni wa mboga, Bu Hartati, yaani Mama Hartati, mke wa mkuu wa kijiji, akamshika mkono mbele ya watu.

"Hongera, mwanangu! Wiki tisa! Safari hii uitunze, eh?"

Nurwening aliacha mboga zake pale pale. Jioni hakuja kukandwa.

Habari zilipomfikia Wagiyem, alimwambia Endah amsomee yote yaliyoandikwa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika na mimba?"

"Ili usisahau, Mama."

"Mimi nimewahi kusahau tumbo la mtu? Wanaoona ni wangapi?"

Endah akatazama simu. "Kundi lina watu mia na kumi na wanne."

"Kijiji kizima kimekaa chumbani kwangu, na mimi nafunga pazia."

Akajifunga batiki yake, akaenda kwa Nurwening kwa miguu.

"Sikuja kujitetea, mwanangu. Neno limetoka nyumbani kwangu."

"Mbah, bibi yangu, mimba hii nayo ikitoka, watanihesabia tena."

"Najua. Basi usije mpaka uhakikishe mwenyewe kwamba hakuna anayekuona."

Siku hiyo hiyo Endah akaifunga kalenda. Watu wakabaki kuona saa zilizochukuliwa, basi. Majina aliyaona Endah peke yake, akamsomea mama yake sikioni. Kinachomsumbua mtu hakikuandikwa tena popote.

Kesho yake Bu Hartati akaja na sahani ya keki.

"Mbah, mimi nipe ruhusa ya kuona tu. Si mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama? Nikijua nani ana shida, nitamsaidia."

"Mwenye shida ana mdomo, Bu."

"Hata mimi unanifungia? Mume wangu ndiye mkuu wa kijiji!"

"Mumeo simkandi."

Mume wa Wagiyem, aliyekuwa uani, ilibidi aingie bandani kwa kuku asisikike akicheka. Bu Hartati aliondoka na keki yake. Kwa mwezi mzima wake za wakubwa hawakukanyaga pale. Wagiyem hakumfuata hata mmoja.

Nurwening alikaa wiki mbili bila kuja. Kisha akamwomba Endah nafasi, na siku ilipofika akasimama kizingitini, simu mkononi. Akaifungua kalenda. Kwenye saa yake palikuwa na neno moja: imechukuliwa. Akatoa na simu ya mumewe, akajaribu. Vile vile.

Akavua viatu. Ndani, Wagiyem alikuwa anaponda vitunguu vyekundu kwenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

"Ingia, mwanangu. Mafuta yanapoa."

Mwezi wa saba Nurwening alitangaza kwa mdomo wake mwenyewe. Bu Hartati alijua siku hiyo, kama watu wote, kwamba mimba imefika salama.