Ombi la Mama Shuka Limepitishwa

Hospitalini walimwita Mama Shuka, na sisi tuliopanga naye nyumba moja tukalichukua jina hilohilo. Alikuwa dobi. Kutwa yumo kwenye chumba cha nyuma cha hospitali, kwenye mvuke na dawa ya madoa, akitoa mashuka mashineni na kuyaanika uani. Hakujaliwa kuzaa. Mumewe alishaondoka akaoa kwingine, na hakupenda azungumziwe. Ndugu aliyebaki naye ni kaka yake, fundi viatu, mtu wa maneno mengi na kazi chache.

Mtoto alimpatia kazini. Msichana mmoja aliletwa na uchungu, akajifungua mtoto wa kike, akafariki kabla hajasema kwao ni wapi. Hakuna ndugu aliyejitokeza. Mama Shuka akawa kila akitoka kazini anapitia wodini kumbeba yule mtoto, mpaka muuguzi mkuu akamwambia, "Mchukue tu, mwenzangu. Ruhusa nakupa mimi. Wakubwa wakiuliza, waniulize mimi."

Akaja naye nyumbani. Mtoto alianza kusema kabla hajatembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Alishinda kibarazani kwa fundi viatu akimchosha kwa maswali.

"Mjomba, mbona kiatu kina ulimi na hakisemi?"

"Kingesemea wapi, na wewe humpi mtu nafasi?"

Jioni Mama Shuka akirudi, Chiriku alimrukia shingoni hata kabla hajavua viatu, na tulimsikia yule mwanamke mkimya akicheka mpaka anakohoa. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akicheka.

Shida ilianza Chiriku alipofika umri wa kwenda shule. Mwalimu mkuu alitaka karatasi ya mzazi au mlezi, na Mama Shuka hakuwa nayo. Akaenda ofisi ya ustawi. Alimkuta afisa kijana, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha.

"Nani alikuruhusu kukaa na mtoto, mama?"

"Muuguzi mkuu, mwanangu."

"Hiyo ni ruhusa ya mdomo. Unahitaji kibali."

Akampa kibali cha muda palepale. Mama Shuka alikibeba kifuani kama kichanga. Mwalimu mkuu akakisoma, akakirudisha. "Hiki kinasema unaweza kukaa naye. Hakisemi wewe ni mlezi wake. Nitampokea, lakini lete idhini."

Akarudi kwa afisa. "Baba, kibali na idhini si kitu kimoja?"

"Vinafanana tu, mama. Kibali cha kukaa naye natoa mimi. Idhini ya kumlea inatoka juu."

"Juu wapi?"

Afisa akaonyesha dari kwa kalamu. Mama Shuka alinisimulia kwamba naye alitazama juu, na hakuona kitu ila taa iliyoungua.

Aliandika ombi. Kila alipopata mapumziko kazini alikwenda kuuliza, na kila mara aliambiwa limepokelewa, linashughulikiwa. Hata siku moja afisa akatabasamu akamwambia, "Furahi, mama. Ombi lako limepitishwa."

Alirudi mbio. Alinunua soda kwa wapangaji wote, hata kwa yule wa chumba cha mwisho waliyenuniana naye kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Fundi viatu akasimama juu ya kigoda akatoa hotuba: "Dada yangu sasa ni mama kwa muhuri!" Chiriku alicheza mpaka akalala amevaa viatu.

Kesho yake alikwenda kuchukua karatasi yake.

"Karatasi bado," afisa akasema. "Si nilikwambia limepitishwa? Limepitishwa kutoka kwangu kwenda kwenye kamati."

Hakuwa anamdhihaki. Kwake yeye, ombi kutoka meza moja kwenda nyingine lilikuwa jambo la kufurahiwa kweli. Mama Shuka alirudi, akapita katikati yetu akajifungia ndani. Kwa siku kadhaa watu waliendelea kumpa hongera, naye akiitikia ahsante, kwa kuwa hakujua aanzie wapi kueleza.

Wakaja watu wawili wa kamati kukikagua chumba. Kilikuwa kisafi kuliko kitanda cha hospitali, lakini kilikuwa kimoja, na pazia ndilo lililotenga jiko na kitanda. Waliandika, wakashukuru, wakaondoka. Baadaye afisa akamwambia kamati imeridhia.

Safari hii hakununua soda. Aliuliza kwanza. "Kuridhia ndiko kuidhinisha?"

"Hapana. Wanaposema wameridhia maana yake hawana pingamizi."

"Na mtu asiyepinga si amekubali?"

Afisa alikohoa, akasugua macho. "Nyumbani kwangu na kwako, amekubali, mama. Hapa bado."

Mwisho afisa alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, na Mama Shuka alipomwona mlangoni alijua. Kulikuwa na mume na mke, alisema, walioidhinishwa zamani kupewa mtoto, na zamu yao imefika.

"Kwa hiyo langu limekataliwa?"

"Halikukataliwa, mama. Limepitwa."

Akamwekea karatasi mezani aweke sahihi kwamba ametoa ridhaa.

"Nisiporidhia?"

"Watamchukua vilevile. Ila ukiridhia, utaweza kumtembelea."

Akaweka sahihi. Fundi viatu alimshikia karatasi.

Laiti wale mume na mke waliokuja kumchukua wangekuwa wabaya, tungewachukia tukapumua. Walikuwa watu wema. Yule mama alipiga magoti chini kumsalimia Chiriku, akalia. Chiriku alidhani anakwenda kutembea. Alifungiwa nguo zake mbili tatu, akapanda gari akiuliza vioo vinashukaje. Kisha akachungulia nje.

"Mama, wewe unakuja lini?"

"Nikimaliza kufua," Mama Shuka akasema.

Alimtembelea mara moja. Mtoto alikuwa na kitanda chake, amenawiri, na maneno yamepungua. Baada ya hapo yule baba alihamishwa kikazi, wakahamia mbali, na hakuna aliyelazimika kumwambia Mama Shuka ni wapi.

Fundi viatu alimsukuma akate rufaa. Alikataa, kisha akakubali, nikamsindikiza ofisini. Dirishani palikuwa na binti aliyeandika bila kuinua kichwa.

"Rufaa ya nini?"

"Ya mtoto."

"Wewe ni nani wake? Mzazi?"

"Hapana."

"Mlezi aliyeidhinishwa?"

"Hapana, ila kamati iliridhia."

"Ndugu wa damu?"

Mama Shuka akanigeukia, kana kwamba mimi nalijua neno lenyewe. Sikulijua. Yule binti alisubiri kidogo, kwa heshima zote, kisha akamwomba asogee pembeni ampishe mtu wa nyuma yetu. Tukasogea. Tulikaa kwenye benchi pale mpaka wakaanza kufunga madirisha, kisha tukaondoka, kwa sababu keshoye alikuwa na zamu ya asubuhi.