Kitambaa Chenye Tundu

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari mjini Nakuru. Kutwa nzima nimekaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya pili, nikimwangalia mtu mwingine akishika usukani. Kazi hiyo imenipa hasira za karibu, pamoja na ugonjwa wa kuona ajali kabla hazijatokea. Kwa hivyo baba alipofariki na mama akabaki peke yake Subukia, na ng'ombe wawili, kahawa kidogo na kijia cha kwenda boma la ng'ombe kinachoteleza kama sabuni mvua ikinyesha, mimi ndiye niliyesema kwanza kwamba lazima ahamie kwangu.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata uso.

"Nihamie Nakuru nikafanye nini, baba?" aliniuliza. Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. "Nikae kwa kochi nikiangalia ukuta?"

Tuliobaki kwa mama ni wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa, msimamizi katika shamba moja la maua Naivasha. Siku hiyo nilimtegemea aniunge mkono, naye akanigeuka. Alisema kazini kwao, ndani ya yale mahema ya plastiki, kuna vidude vinavyopima joto na unyevu. Waridi likipungukiwa maji kidogo tu, simu yake inalia.

"Maua ya watu yanaangaliwa hivyo," akasema, "na mama akianguka hapa hakuna kitu italia."

Tukakubaliana mbele ya mama mwenyewe. Dada angeleta kifaa cha kumwangalia. Kikiweza kutuambia yuko salama, atabaki kwake. Kikishindwa, ng'ombe watauzwa na yeye atahamia Nakuru. Mama aliweka sharti moja, kwamba kisimpige picha, maana hakutaka kuonekana Naivasha akiwa amejifunga leso tu. Halafu akarudi kwa maharagwe yake, lakini niliona mikono imepunguza mwendo. Nyumba ile aliijenga na baba, na baba amezikwa kando ya miti ya kahawa.

Kifaa kilikuwa kidogo, cheupe, kama sukaridishi, kile kibakuli cha sukari cha mezani. Kilikuwa na jicho moja mbele, lisiloona sura wala mavazi, likihisi tu kwamba mtu amepita. Dada alikiweka juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo mama hana budi kupita akitoka chumbani kwenda mlango wa nyuma. Alinieleza kwamba kina akili ya kujifunza. Kingezoea mama huamka lini, hutoka kukamua lini, hurudi na ndoo ya maziwa baada ya muda gani, na siku mambo yakienda kombo kingetuandikia kwenye simu. Tena kilikuwa kinaongea Kiswahili, kilichonyooka kuliko cha mtangazaji wa redio. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja ya tatu. Kesho yake alikuwa anakiuliza kama aanike mahindi ama mvua inakuja.

Mimi nilikidharau. Nilimwambia dada amenunua kasuku wa plastiki. Kisha asubuhi moja nikiwa nachemsha chai simu ikaita, nikasoma: "Mama ameamka. Kila kitu ni kama kawaida." Nilizima jiko nikakaa. Tangu baba afariki nilikuwa naamka kila siku na hofu moja, na sikuwahi kumwambia mtu, na sasa hofu hiyo ilikuwa imejibiwa kabla chai haijaiva. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru dada, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananisikia, nikakishukuru na kile kifaa.

Wiki chache baadaye nilikuwa namfundisha mama mmoja wa makamo, muuza mitumba, kuegesha gari kinyumenyume. Ujumbe ukaingia: "Hakuna aliyepita sebuleni tangu asubuhi. Hii si kawaida." Nilipiga simu ya mama, haikushikwa. Nikapiga tena. Mwanafunzi alikuwa tayari kwenye usukani na injini inanguruma, nikaona kubadilishana viti ni kupoteza wakati.

"Endesha," nikamwambia.

"Wapi, mwalimu?"

"Subukia."

Alikuwa hajawahi kutoka nje ya mji. Alipanda vilima vile na kuteremka kwenye bonde akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akipitwa na malori ya mahindi, na sikukanyaga breki ya pili hata mara moja. Nilikuwa nimesahau iko. Karibu na kufika akaniuliza polepole, "Mwalimu, leo hujanifokea hata kidogo. Kwani ni vibaya hivyo?"

Tulimkuta mama ameketi kwenye kizingiti, ana sindano yake na uzi, anafuma. Simu yake ilikuwa chumbani inachajiwa. Nilimpita bila hata kumsalimu, nikaingia sebuleni, nikaangalia juu ya kabati. Kifaa kilikuwa kimevikwa kitambaa cheupe chenye kingo za waridi, kimefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni.

Aliyelelewa sehemu zetu anaelewa. Nyumbani kwa mama hakuna kitu cha heshima kinachokaa bila kitambaa. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi, redio ina chake, televisheni ina chake, hata thamosi ina kisketi. Ukimwona mama amekifumia kitu kitambaa, jua amekikubali.

"Mama, umekifunika?"

"Si kufunika. Nimekivalisha. Hii kitu inaniangalia kutwa, niiache uchi kama haina mwenyewe?"

Mwanafunzi wangu alicheka hadi akaketi bila kukaribishwa. Mimi nilifoka. Nilimwambia mama kwamba kitambaa kile kimeziba jicho, kwamba kifaa kimeshindwa kazi, na tulikubaliana kikishindwa itakuwaje. Mama alikivua kile kitambaa taratibu, akakikunja mapajani, akakilaza kwa kiganja.

"Kwa hivyo hii ndiyo ingenitoa kwangu," akasema.

Hasira zangu zikaisha papo hapo. Alitupa chai na viazi vitamu, na mgeni akafungiwa mayai ya kurudi nayo.

Jumapili iliyofuata nilikuta kifaa kimevaa tena. Nilifungua mdomo, kisha nikasogea karibu. Mama alikuwa amekifumua kitambaa katikati na kuacha tundu la mviringo, sawasawa na jicho, na ukingo wa tundu ameuzungushia uzi wa kijani, safi kama tundu la kifungo cha koti la bwana harusi. Kifaa kilikuwa kinachungulia kutoka humo kama mtoto aliyevalishwa kofia ya baridi.

"Sasa kinaona," mama akasema, "na kimevaa."

Masika yalipofika, mvua ilinyesha kama inalipiza kisasi. Asubuhi moja nilikuwa nafunga viatu niende kazini, ujumbe ukaja: "Mama ametoka nje kama kawaida. Kufikia sasa huwa amerudi." Kama si lile tundu la kijani, ningejiambia ni vitambaa tena. Lakini lile tundu nililiona kwa macho yangu, na najua mama akishona kitu hakisogei. Nilimpigia jirani yake, mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye shamba lake linapakana na letu kwa ua tu. Nilimsikia akikimbia na simu mkononi, viatu vikinyonywa na tope. Kisha akasema, "Nimemuona."

Mama alikuwa ameketi matopeni kwenye kile kijia, mguu umempinda chini yake, analoa. Ndoo ilikuwa imebingirika hadi kwenye ua. Jirani alimwekea simu sikioni.

"Baba, usiendeshe mbio," mama akaniambia, meno yakigongana. "Sijakufa. Maziwa ndiyo imemwagika."

Mfupa wa kifundo cha mguu ulikuwa umevunjika. Daktari alisema mvunjiko si mbaya. Kibaya kingekuwa ile mvua na ile baridi, kwa mtu wa umri wake, kama angekaa pale hadi mchana. Nilitoka nikasimama kwenye veranda ya hospitali nikalia, mwanamume mzima mwenye mvi, na sikujali nani ananiona.

Mama alikaa kwangu mjini hadi plasta ilipotolewa. Jirani yake ndiye aliyekamua ng'ombe siku zote hizo, na hadi leo sijui nitamshukuru vipi yule mama. Dada alikuja kutoka Naivasha tuamue. Alisema kifaa hakijashindwa, lakini mama ameanguka, na akianguka tena?

"Baba," mama akaniuliza, "mwanafunzi wako akigonga mti, unamnyima gari milele?"

"Hapana. Anapumzika, halafu anarudi."

"Basi mimi nimepumzika."

Dada alicheka, na jambo likaisha hivyo. Fundi angewekwa ajenge ngazi za mawe kwenye kijia, na mama angerudi kwake. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alikuwa ameishi kwangu muda wa kutosha kuona maisha yangu yalivyo tangu nibaki peke yangu: naingia jioni, napasha chakula cha jana, nalala, na hakuna anayeniuliza lolote.

"Nyinyi mnajua nikiamka," akasema. "Na mimi? Huyu anashinda barabarani na watu hawajui kuendesha. Kila jioni nakaa kwa jiko nikijiuliza kama amefika. Simpigii, nisimsumbue. Nalala bila kujua."

Muda ule wote niliamini kwamba mwenye hofu ni mimi.

Dada akaleta kifaa cha pili, kikawekwa kwangu karibu na mlango. Jikoni kwa mama, Subukia, alifunga balbu ndogo. Nikiingia nyumbani jioni, jicho linanihisi nikipita mbele yake kwenda jikoni, na balbu ile inawaka kule. Mama hahitaji kushika simu wala kuuliza mtu. Kabla hajarudi kwake alikuwa ameshakifumia kifaa changu kitambaa, cha bluu kwa kuwa mimi ni mwanamume, na tundu amelizungushia uzi wa kijani.

Juzi nilirudi nimechoka, nikavua kofia nikaitundika bila kuangalia, nikaenda kupasha githeri, mahindi na maharagwe ya jana. Sufuria haijapata moto, mlango ukabishwa. Alikuwa mwenye ploti ninayopanga, mama wa watu, amejitanda shuka begani.

"Mwalimu, uko sawa? Mathe wako amenipigia. Anasema taa yake haijawaka."

Niligeuka. Kofia yangu ilikuwa imeliziba jicho. Niliitoa, nikasimama pale mbele ya kitambaa cha bluu, nimeshika kofia kwa mikono miwili kama niko kanisani. Simu yangu ikaita.

"Imewaka," mama akasema. "Haya, kula ulale."