Chupa Sita za Hewa kutoka Beni

Mimi ni mtu wa kelele. Mama yangu alikuwa hivyo, dada zangu wote wako hivyo, na mwaka ule wa Covid, nilipokabidhiwa chupa za oksijeni za hospitali yetu ya Butembo, nilipiga kelele kuliko siku zote za uuguzi wangu. Chupa zilijazwa Beni, na kati ya Beni na sisi kulikuwa na vita. Leo waasi wamechinja wakulima shambani, kesho wamechoma lori, keshokutwa jeshi limefunga njia. Kwa hiyo ndugu yeyote wa mgonjwa aliyegusa chupa yangu alinisikia vizuri.

"Hewa hii hapana ya bure!" niliwaambia asubuhi ile, nimesimama katikati ya chumba. "Batu banakufa njiani juu ifike hapa. Musiiharibu hata kidogo!"

Wakaitika wote, ndiyo mama. Karibu na dirisha alikuwa amekaa mzee mmoja, mkulima wa Kayna, ameshika mguu wa mke wake juu ya blanketi. Mke huyo ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote. Jenereta ilikuwa imekufa tangu juzi, na mashine za kutengeneza hewa zilikuwa zimenyamaza pamoja nayo, basi alibaki na chupa moja tu. Kwenye kile kioo kinachoonyesha hewa inavyotoka, mpira mdogo ulikuwa umepanda kwenye kumi, yaani lita kumi kwa dakika. Nilipiga hesabu mbele ya mume wake: kwa mwendo ule, chupa ingeisha saa nane mchana.

"Nitarudi mbele ya saa nane, papa," nilimwambia. Ahadi gani ile, kwenye njia ya Beni!

Tuliondoka mimi na dereva wa hospitali. Kwenda kulikuwa salama. Beni walitujazia chupa sita, tukageuza gari bila hata kunywa chai. Kwenye kizuizi cha kwanza cha kurudi, askari aliyeletwa kutoka mkoa mwingine aligonga chupa na kitako cha bunduki.

"Oyo eloko nini?" akauliza. Hiki ni kitu gani?

"Ni hewa ya wagonjwa."

Akacheka. Hewa gani inafungwa ndani ya chuma? Kwake yeye zile zilikuwa bomu, nasi tulikuwa tunawapelekea watu wa msituni. Mtu mwenye akili angesema, pole chef, mkubwa wangu, tazama karatasi zetu. Mimi nilimuuliza kama kwao hawapumui. Weee! Alituketisha chini kwenye vumbi, akaagiza chupa zishushwe moja moja.

"Mama, nakuomba, funga kinywa," dereva alininong'oneza, jasho linamtiririka.

Nikafunga. Nilitazama saa yangu mpaka macho yakaniuma. Saa tano. Saa tano na nusu. Mwishowe mkubwa wao akatoka kwenye kibanda, akafungua chupa moja kidogo, akasikiliza ule mlio, akaweka pua. "Ni hewa kweli," akasema, na akatuachia. Dereva alipiga mwendo ambao sitaki kuukumbuka. Tuliingia hospitalini saa saba na dakika ishirini. Tumewahi! Nilikimbia kwenye kile chumba nikicheka peke yangu.

Nilitazama mshale wa chupa, ule unaoonyesha hewa iliyobaki, kabla ya kumtazama mgonjwa. Ulipaswa kuwa chini kabisa. Ulikuwa katikati.

Mzee alisimama, anatabasamu. "Bado iko, mama. Nilifunga kidogo, kama vile ulisema. Niliona njia ni mubaya, pengine utachelewa."

Mpira mdogo ulikuwa kwenye mbili. Midomo ya mke wake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilifungua mpaka mwisho, nikaita daktari kwa sauti yangu yote, tukahangaika naye wee. Muuguzi aliyebaki zamu, peke yake kwa vyumba vitatu, alikuja mbio akilia. Mama yule mgonjwa hakuzinduka; alikufa.

Mume wake aliniuliza kama alikosea mahali. Moyo wangu uliniuma vibaya. "Hapana, papa," nikasema. "Ulifanya vizuri."

Nilidhani namhurumia. Lakini alipokuwa anakunja blanketi, nilimsikia akimwambia dada aliyekuwa akimlinda kaka yake kwenye kitanda cha pili, "Punguza kidogo, mama. Itadumu. Hata huyu mama amenisifu." Na yule dada alikuwa ameshaweka mkono kwenye kifungulio.

Nilimrukia nikamshika mkono. Halafu nikamgeukia mzee, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile nikasema polepole.

"Papa, usimwambie hivyo. Nilikudanganya. Ile kumi ndiyo ilikuwa inamushika abaki muzima. Mbili haikumutosha. Mimi nilipiga kelele, sikuwaelezea. Kosa ni langu."

Alitazama kile kioo. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Mke wangu alikuwa ananionyesha chupa na kidole," akasema. "Nikamwambia, tulia mama, usiogope, iko bado mingi."