Nguruwe Havai Buti

Huku kwetu milimani Shikoku, Japani, tumebaki watu kumi na wanne. Nguruwe pori hakuna aliyewahi kuwahesabu. Jirani yangu Bibi Kinuyo ana miaka themanini na mmoja, mgongo uliopinda kama mundu, na buti za mpira ambazo nadhani alizaliwa nazo. Mwaka jana nguruwe walimfukulia viazi vitamu vyote wakamwachia majani. Mwanawe Yoshitaka akapiga simu kutoka Osaka: "Mama, wakivila na mwaka huu, unahamia kwangu. Ghorofa ya tisa. Huko nguruwe hawapandi."

Bibi alinipa habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyefungwa maisha.

Basi tukanunua uzio wa umeme wa bei nafuu, ule usioua ila unaadabisha: kisanduku cha betri, vigingi vya plastiki, nyaya mbili. Waya wa chini nikaufunga usawa wa pua ya nguruwe, maana manyoya yake ni koti, lakini pua ina unyevu na anaichomeka kila kusikomhusu. Nilisomea umeme mwaka mmoja na nusu kabla chuo na mimi hatujachokana, kwa hiyo nilieleza kwa madaha.

Kesho yake Bibi huyo mlangoni kwangu.

"Fundi, umetapeliwa."

"Nani kasema?"

"Mkono huu. Nimeushika waya, hata kutekenywa sikutekenywa."

Nikamtazama miguuni. "Umeushika na buti hizo?"

"Ulitaka nivae viatu vya harusi?"

"Bibi, mpira unauzuia umeme usishuke ardhini. Nguruwe havai buti."

Hakuniamini. Jioni akakizima kisanduku, eti betri isiliwe bure. Kulipokucha, mistari miwili ya viazi ilikuwa imefukuliwa, na nyayo zimepita kati ya nyaya kama za wageni walioalikwa. Yoshitaka naye alikuwa anakuja Jumapili.

Bibi akaketi kizingitini, akavua buti. Nilikuwa sijawahi kuiona miguu yake. Ilikuwa myeupe kama figili. Akakiwasha kisanduku mwenyewe, akaenda pekupeku, akaugusa waya kwa kidole kimoja. Akatamka neno ambalo kwetu hutumiwa na madereva wa trekta peke yao. Halafu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kisizimwe tena," akasema.

Jumapili Yoshitaka akasimama mbele ya uzio, mikono mfukoni.

"Mama, kamba hizi ndizo za kuzuia nguruwe? Nimeshaongea na watu wa lori la kukuhamisha."

"Labda ni mbovu, mwanangu. Hebu shika wewe uliyesoma. Ila vua viatu kwanza, visije vikachafuka."

Akavua na soksi, mtoto mtiifu. Sekunde moja baadaye alikuwa amekaa chini kwenye matope, anatazama kiganja chake.

"Umeelewa?" Bibi akamuuliza.

"Nimeelewa, Mama."

"Basi wapigie watu wa lori."

Akawapigia hapo hapo alipokaa. Siku hizi akipiga simu haulizi habari za kuhama. Kabla hajaja kututembelea anauliza kama kisanduku kimewashwa, na anavyouliza, nahisi si kwa ajili ya nguruwe.