Mafua yameachisha watu kidonge

Ndugu zangu, leo nimehukumu mtu bure. Mimi!

Tulikuwa kwenye mazoezi ya kuimba ya korali hapa Mpofi, nusu yetu tuna mafua. Mama Furaha, ambaye mtoto wake hata hajatambaa, akaninong'oneza kwamba ameacha kidonge cha uzazi wa mpango tangu aanze parasetamoli.

"Dawa mbili zitapigana mu tumbo, dada."

Nikasahau kunong'ona. "Nani alikudanganya? Parasetamoli haiharibu kidonge! Kukiacha njo hatari!"

Korali nzima ikageuka. Mume wake akasimama katikati ya wanaume wanaoimba besi. Nikadhani hakujua habari ya kidonge, nikajua nimevunja nyumba ya watu, nikatayarisha hotuba yangu kali kuhusu wanaume.

"Njo mimi nilimukataza," akasema kwa sauti ndogo. "Nilizani ninamulinda. Sasa iko mimba?"

Nikaacha hotuba, nikawaambia waende kupima. Wamekimbilia kituo cha afya wote wawili, baba amebeba mtoto.

Jamani, ziko dawa zinazopunguza nguvu ya kidonge, kama baadhi ya zile za kifua kikuu. Parasetamoli si mojawapo. Ulizeni muuguzi kabla ya kuacha!

Natoka nje, besi wengine wawili wananifuata, wanaangalia chini.

"Dada, na sisi tuliwakataza wake zetu kidonge."

Kwenu je?